Kuzungumza na Wanafunzi Kuhusu Sanaa Dhahania: Funzo la Vizibo vya Chupa

Hotuba hii ilitolewa kwa walimu, wazazi na wanafunzi katika maktaba ya kaunti. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika madarasa ya chini, vizibo vya soda hutumika kuhesabia. Mzazi huvikusanya, mtoto huvibeba, naye mwalimu huvipanga juu ya dawati: viwili ongeza vitatu. Vizibo hivyo hivyo huwa kete za mchezo wa drafti nje ya duka. Hakuna mwanafunzi atakayeshangaa kusikia kwamba kizibo kinaweza kupewa kazi nyingine baada ya chupa kwisha. Kinachoweza kumshangaza ni ukubwa wa kazi hiyo.

El Anatsui alizaliwa mwaka wa 1944 huko Anyako, Ghana, katika jamii ya Waewe, watu wanaosifika kwa kufuma kente. Kuanzia mwaka wa 1975 alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya tisini aliokota mfuko uliojaa vizibo vya chupa za pombe kali. Hivi si vigumu kama vya soda. Ni vya aluminiamu nyembamba, na vidole vinatosha kuvikunja. Yeye na wasaidizi wake huvigonga vikawa bapa, huvikata, huvisokota, kisha huviunganisha kimoja kimoja kwa waya wa shaba hadi ipatikane shuka kubwa ya chuma inayoning'inia kama nguo. Mwaka wa 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya maisha, katika maonyesho ya Venice, Italia.

Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, kazi yake iitwayo Behind the Red Moon ilitundikwa katika jumba la Tate Modern, London, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Ukumbi wake una kimo cha takriban mita 35, kama jengo la ghorofa kumi, na urefu wa zaidi ya mita 150, yaani uwanja wa kandanda na nusu yake. Mbele palikuwa na shuka iliyofura, yenye mwezi mwekundu. Katikati palining'inia vipande vingi ambavyo, mtu akisimama mahali fulani, viliungana machoni pake vikawa duara moja kama dunia. Mwisho kulikuwa na ukuta mweusi uliotoka juu hadi sakafuni.

Hii ndiyo inayoitwa sanaa dhahania. Haichori mtu wala ng'ombe wala mti kama ulivyo. Hutumia rangi, umbo, mstari na ukubwa. Si jambo geni hapa Kenya: mistari ya mkeka, mapambo ya kiondo na mpangilio wa shanga ni dhahania pia, na hakuna anayemwambia msusi kwamba kazi yake haieleweki.

Tatizo huanza darasani. Mwalimu huonyesha picha ya kazi kama hii na kuuliza, "Inamaanisha nini?" Darasa hunyamaza. Wanafunzi wanaamini kuna jibu moja, mwalimu amelificha, na atakayekosea atachekwa. Wengine hujitetea kwa kusema hata mtoto angeweza kuifanya.

Njia iliyo bora ni kuanza na macho. Wanafunzi wapewe dakika mbili za kimya watazame tu. Kisha mwalimu aulize, "Unaona nini?" Jibu likitoka, aulize la pili: "Ni kitu gani hapo kinachokufanya useme hivyo?" Aliyekulia pwani huenda akaona tanga la jahazi. Anayeishi kando ya barabara kuu huenda akaona turubai la lori likipigwa na upepo. Wote wawili wanaweza kuonyesha mikunjo na mfuro wa shuka hiyo kama ushahidi. Atakayesema ni ndovu naye asikatizwe, ila aombwe aonyeshe mkonga uko wapi. Maoni ni huru, lakini lazima yashike kitu kilichopo kwenye kazi yenyewe.

Ukubwa nao hauonekani kwenye simu. Kwa hivyo darasa litoke nje na kamba, lipime mita 35 uwanjani, kisha kila mmoja awaze urefu huo ukisimama wima mbele yake. Hapo ndipo mwanafunzi huelewa kwamba ukubwa ni sehemu ya maana: kazi ndogo mtu huishika, kazi kubwa humfanya yeye awe mdogo. Akiwa mbali huona mwezi. Akikaribia huona maelfu ya vizibo, na kila kimoja kimepitia mikononi mwa mtu.

Baada ya hapo ndipo maelezo ya historia yatolewe. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walileta Afrika Magharibi na kubadilishana kwa mali na kwa watu. Watu hao walivushwa Bahari ya Atlantiki kwa meli, wakatumikishwa katika mashamba ya miwa ya Karibi, na masalio ya sukari yakawa pombe ya ramu. Jina la Tate lenyewe ni la Henry Tate, tajiri wa sukari wa karne ya 19. Tanga, kizibo na jumba vinaanza kuzungumza pamoja.

Lakini huenda mwanafunzi asingoje historia. Huenda mmoja akaona vizibo vile akasema neno moja tu: "Pombe." Darasa litacheka. Mwalimu asicheke. Katika nyumba nyingi za nchi hii kuna watoto wanaoijua sauti ya kizibo kikifunguliwa usiku, na wanajua kinachofuata. Mtoto huyo ameingia ndani ya kazi hiyo kuliko mwenye maneno mengi. Asiulizwe habari za kwao mbele ya wenzake. Aulizwe kuhusu kazi: kwa nini msanii akichukue kitu kilicholeta madhara, akitengeneze kiwe kizuri, bila kuficha kilitoka wapi? Anaweza kujibu, anaweza kunyamaza. Akitaka kuzungumza zaidi, mwalimu amsikilize faraghani.

Hiyo ndiyo faida ya somo hili, hata kwa wanafunzi ambao hawatachagua mkondo wa sanaa katika sekondari ya juu. Linamzoeza kijana kutazama kabla ya kuhukumu, kutoa sababu, na kukubali kwamba jirani yake ameona kitu ambacho yeye hakukiona. Penye wengi pana mengi.

Wazazi nao wana nafasi yao. Katiba imeipa serikali ya kaunti jukumu la maktaba na shughuli za utamaduni, kwa hivyo maktaba kama hii ni ya wakazi wote. Mtoto akirudi nyumbani akiomba vizibo, apewe. Na akimaliza kuviunganisha, asiulizwe kwanza, "Hiki ni nini?" Aambiwe, "Hebu nieleze ulivyokifanya."