Andikeni Kazi za Watu: Mhadhara kwa Waandishi Chipukizi wa Miritini



Vijana wanaotaka kutunga hadithi huniuliza waandike nini. Wengi wana kisa tayari: binti maskini, tajiri fisadi, mapenzi, ajali, kilio. Miswada ya namna hiyo huwezi kujua imetoka Miritini au Meru. Jawabu langu ni moja: andikeni kazi za watu. Riwaya yetu ina wapenzi na wanasiasa tele, lakini watu tunaowaona wakifanya kazi yao hasa ni wachache mno.

Adam Shafi alilijua hilo alipotunga riwaya ya Kuli, iliyochapishwa mwaka wa 1979. Mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka wa 1948 ungeweza kuandikwa kama somo la historia na watu wakausahau. Yeye alimpa Rashidi, mhusika wake mkuu, mgongo, njaa na mzigo wa kubeba, hata mgomo unapozuka msomaji keshajua kwa nini. Hakuhubiriwa.

Sasa simameni kando ya barabara kuu hapa kwetu alfajiri, malori yakijiandaa kupandisha kuelekea Mariakani. Mtazameni utingo. Anazunguka trela na kipande cha chuma, anagonga gurudumu moja baada ya jingine huku ametega sikio. Lililojaa upepo hulia kwa mlio mkavu, na chuma huruka. Lililopungua hutoa mlio mzito, chuma kikatulia. Katika kila jozi, lile la ndani ndilo la hatari. Gurudumu la ndani laweza kuwa limekwisha upepo na jicho lisione, kwa sababu la nje limeubeba mzigo wa yote mawili. Utingo akilipuuza, huenda yakapasuka yote mawili njiani. Mwandishi anayelijua jambo hili hana haja ya kutuambia kwamba utingo wake ni mwangalifu, au kwamba leo ana mawazo. Atamwacha aruke gurudumu moja tu.

Stesheni ya reli ya SGR ilifunguliwa hapa Miritini mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 likaja agizo kwamba mizigo yote inayotoka bandarini kwenda bara ipite relini badala ya kubebwa na malori, na watu wa Mombasa wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, hadi agizo likasitishwa. Magazeti yaliandika habari za maandamano. Nani ameandika juu ya mama aliyekuwa akiwauzia madereva mahamri na mbaazi, malori yalipopungua? Alipunguza unga kwanza, au alianza kukopesha? Nendeni mkamuulize. Muulizeni kazi yake ilivyo, msimuulize maoni yake. Mtu akieleza kazi yake, maoni hutoka yenyewe.

Mkirudi nyumbani, andikeni siku ile ile. Maneno 500 kwa siku, kwa siku 100, ni maneno 50,000, nayo ni riwaya. Usiisahihishe sura ya kwanza kabla hujaimaliza ya mwisho. Miswada mingi hufia hapo. Ukimaliza, isome kwa sauti mbele ya mtu anayeifanya kazi uliyoiandika. Akikunja uso, weka alama. Na mzee wa Kijomvu akisema "ndoo" kwa maana ya "njoo", mwacheni aseme "ndoo" katika mazungumzo. Kiswahili sanifu kibaki kwa msimulizi.

Wapo hapa waliozaliwa na wazazi kutoka bara, wanaodhani Kiswahili cha riwaya ni cha wenyewe wa Mvita. Ken Walibora alitoka magharibi mwa Kenya, akatupa riwaya ya Siku Njema mwaka wa 1996, na shujaa wake akamwita Kongowea Mswahili. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka wa 1971, hajafika hata miaka 30. Lugha ni ya anayeifanyia kazi.

Mlango wa kupitishia miswada yenu pia upo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa, bila kuuliza umesoma wapi. Nawaomba msiingoje mkiwa na mawazo matupu. Anzeni na utingo, na mama wa mahamri, na mpakiaji wa makontena wa zamu ya usiku. Wako hapo nje sasa hivi, na riwaya yao bado haijaandikwa.