MLANGO WA DHARURA UWE MLANGO WA TIBA

(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Leo nazungumzia mtumiaji wa heroini anayefikishwa hospitali usiku, hana fahamu, kwa kuzidisha dawa.

Nachukua mfano wa Ilala, Dar es Salaam, kwani vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda Kariakoo kutafuta riziki. Ndani ya wilaya hiyo imo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Idara yake ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na kliniki ya methadoni ikaanza Februari 2011. Huduma hizo zimo katika hospitali moja; lakini kwa mgonjwa, hatua kutoka ya kwanza hadi ya pili ndiyo nzito.

Sindano ya naloksoni humrejeshea mgonjwa pumzi kwa dakika chache. Nguvu yake huweza kuisha kabla ya ile ya heroini, kwa hiyo lazima aangaliwe. Aidha, huamka na arosto: maumivu, kutapika na kutetemeka. Akiruhusiwa aende zake na karatasi ya kuhudhuria kliniki siku nyingine, arosto humrejesha kwa muuza unga kabla ya siku hiyo kufika.

Utafiti uliofanywa New Haven, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015, ulihusu wagonjwa 329. Kati ya walioanzishiwa dawa ya buprenofini palepale kwenye dharura, asilimia 78 walikuwamo katika matibabu siku ya 30. Kwa waliopewa rufaa tu, ilikuwa asilimia 37.

Nasi Unguja tulianzisha kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu mwaka huohuo wa 2015. Ni kweli kwamba methadoni hapewi mgonjwa ambaye bado anasinzia. Lakini anaweza kubakishwa, akatulizwa maumivu, na asubuhi akafikishwa kliniki na muuguzi au jamaa yake, badala ya kuachiwa njia peke yake. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji.

Kwa hiyo, watumishi wa hospitali tunaombwa tusimwite teja, ni mgonjwa. Nanyi wazazi na jamaa, mleteni mapema, elezeni kwa ukweli alichotumia, na msiondoke mpaka afike kliniki. Usiku huo mmoja ndio huamua kama atarudi kwetu au atarudi maskani.