Pareto tuipande wapi?

(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, mbele ya wafadhili waliotutembelea)



Tuliombwa tuseme juu ya pareto, ile ambayo wengine hapa wanaiita piretre. Wazee wanaijua: maua meupe yenye moyo wa manjano, yanakaushwa, yanauzwa kwa kilo, na ndani yake munatoka dawa ya kuua wadudu. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, huko Kroatia, lakini milima ya Kivu ya Kaskazini imeilima tangu wakati wa Wabelgiji. Kila tukipita vijijini tunaulizwa, "Miche itafika lini?" Sisi tunawaomba mtangulize swali lingine: itaingia wapi? Maana pareto si maharagi. Maharagi ukiyapanda pahali pabaya umepoteza sezoni moja. Pareto inakaa udongoni miaka mitatu, hata zaidi, na muda wote huo utakuwa unaipalilia.

Kwanza baridi. Mmea huu hautoi maua vizuri kama usiku hauna ubaridi. Ndiyo sababu unalimwa juu, kuanzia kama mita 1,700 na kupanda. Wale wetu waliorudi na kukaa Uvira, kando ya ziwa, kwenye kama mita 770 tu, tusidanganyane: majani mtayaona, maua mtayahesabu kwa vidole. Huko tutafute kazi nyingine.

Jua nalo, pareto inalipenda kutwa nzima. Usiiweke chini ya mikaratusi wala nyuma ya migomba. Simama pale asubuhi, rudi saa sita, rudi tena saa tisa, uone kivuli kinaangukia wapi. Hii haitaki agronomu, inataka miguu tu.

Lakini kinachoiua zaidi ni maji yanayosimama. Mizizi inaoza, na mmea uliooza mizizi hauponi. Bonde jeusi lenye rutuba, ambalo kila mtu analitamani kwa mboga, kwa pareto ni kaburi. Chimba shimo la urefu wa mkono, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Ukikuta maji bado yako, acha hapo. Yakiwa yameondoka, pahali ni pazuri. Hata hapo pazuri tunapanda juu ya matuta, na kwenye mteremko matuta yanakata mlima kwa upana, yasielekee chini, la sivyo mvua ya kwanza itabeba udongo pamoja na miche. Mche na mche, kama sentimita 30.

Tena pasiwe mbali na nyumba. Maua yanachumwa kwa mkono, yakiwa yamefunguka vizuri, na baada ya wiki mbili au tatu unarudi kuchuma tena. Yanatakiwa kuanikwa bila kukawia; yakilala ndani ya mfuko yanapata moto, yanaharibika. Kilo 4 mbichi, au 5, ndizo zinatoa kilo 1 kavu. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kubeba mzigo huo saa mbili za njia kila mara. Tukisema shamba liwe karibu, tunasema juu ya mgongo wake.

Sasa tuingie kwenye jambo zito, na hapa wafadhili watusikilize vizuri.

Kila mmoja wetu anajua namna ilivyo kurudi. Unafika, unakuta mwingine analima pale baba yako alipolima. Pengine aliuziwa, pengine alipewa na chefu, pengine naye alikimbia kwao. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini mlimani watu wanaishi kwa desturi. Na katika desturi zetu nyingi, mmea unaokaa miaka ni neno. Kule Bushi, aliyetoa kalinzi ana haki ya kudumu, anaweza kupanda kahawa na migomba na kuwaachia watoto. Aliye na bwasa amekopeshwa udongo kwa muda; apande maharagi, mihogo, avune, lakini mimea ya kudumu hapana. Mwenye udongo akiona kahawa anaelewa mara moja: huyu anataka kubaki.

Pareto nayo ni ya miaka. Ukiipanda kwenye shamba lenye mabishano, jirani haoni maua, anaona mpaka umesogea. Watu wanaweza kuing'oa usiku, na kesho yake si miche tena inayozungumzwa, ni mapanga.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, hata kama hautawafurahisha wote. Hatugawi miche kwa kufuata liste ya majina. Tunapanda kwanza mlimani pamoja na mwanachama, majirani wa pande zote nne, na chefu wa lokalite. Aliyeazima udongo, yeye na mwenye udongo waandike masikilizano ya miaka isiyopungua mitatu, na waseme wazi ni nani atachuma ikiwa mmoja atahama au atakufa. Mke awekwe kwenye karatasi hiyo, maana kazi ya kuchuma mara nyingi ni yake. Shamba ambalo bado lina kesi, tulipande viazi kwanza. Viazi havimtishi mtu.

Tunajua ripoti inapenda hesabu ya miche iliyogawiwa. Wafadhili, tunawaomba mkubali hesabu ndogo mwaka huu na mtulipie safari za mlimani, kwa sababu miche inapandwa mvua zinapoanza, Septemba, na masikilizano ya udongo hayangojei mvua: yanatakiwa kuanza sasa, wakati wa kiangazi, watu wakiwa na nafasi ya kukaa chini na kuongea.

Mwenye shamba analotaka tuliangalie, aje na jirani yake. Asije peke yake.