AKILI MNEMBA NA WATOTO WETU: TUTABAKI KUWA WATUMIAJI MPAKA LINI?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza)

 

Mwenyekiti aliposoma mada hii niliwasikia baadhi yenu mkiguna. Muuguzi na kompyuta wapi na wapi? Nitawajibu kwa kifaa ambacho wengi wenu mlikinunua wakati wa Korona, kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kidude hicho na vipimo vya damu yenyewe. Pale ambapo kidude kilionyesha asilimia 92 hadi 96, yaani mgonjwa hana hali ya kutisha, damu ilionyesha kwamba oksijeni ilikuwa chini ya 88 kwa karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa karibu asilimia 4. Serikali ya hapa nayo iliunda tume huru, na ripoti yake ya Machi 2024 ilikiri kwamba tatizo lipo.

Ndugu zangu, kidude hakina ubaguzi moyoni. Waliokitengeneza na kukijaribu hawakuwa na vidole vya kutosha vya watu kama sisi mbele yao. Basi.

Na hicho ni kifaa cha mwanga tu. Hii akili mnemba, ambayo wengine wanaiita akili bandia, inajifunza kwa mifano inayolishwa. Ukiilisha mifano ya upande mmoja itajua upande mmoja. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Iliangalia fedha zilizotumika kumtibu. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, ikawaona ni wazima zaidi ya walivyo. Watafiti walikadiria kwamba kosa likirekebishwa, weusi miongoni mwa wanaostahili uangalizi huo wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hao ni watu waliokuwa wanaachwa nje, na hakuna aliyewatukana wala kuwafungia mlango.

Sasa nani anagundua makosa haya? Mwaka 2018 dada wawili, Joy Buolamwini ambaye wazazi wake ni Waghana, na Timnit Gebru mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa sura yake. Kwa wanaume weupe programu hizo hazikufikisha hata kosa 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, iliyofanya vibaya zaidi ilikosea karibu mara 35 katika 100. Baada ya matokeo kutangazwa, makampuni yalirudi kurekebisha. Mwenye sura hiyo alipoingia chumba cha watengenezaji, ndipo kosa likaonekana.

Tuje kwenye lugha yetu. Kiswahili hakina habari ya mwanamume na mwanamke katika neno "yeye". Lakini kwa miaka mingi programu za kutafsiri zikipewa "yeye ni daktari" zinatoa mwanamume, na zikipewa "yeye ni muuguzi" zinatoa mwanamke. Mashine imeingiza ndani ya lugha yetu jambo ambalo wazee wetu hawakuliweka!

Msidhani hatumo kabisa katika kazi hii. Tumo, ila tumewekwa jikoni. Januari 2023 gazeti la Time liliandika kwamba vijana wa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Kazi ya kuokota taka tumepewa. Kazi ya kuamua mashine ifanye nini bado.

Najua kuna atakayesema, "Dada, mtoto wa kijijini hana dawati, wewe unamletea akili mnemba." Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mtoto huyohuyo asiye na dawati ndiye atakayepimwa zahanati na mashine hizi, ndiye ombi lake la mkopo litakaloamuliwa nazo. Umaskini haumkingi na mashine. Unamnyima nafasi ya kuihoji tu.

Tatizo linaanzia darasani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anajifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza lugha inageuka Kiingereza, na hapo wengi wenye akili wanaonekana wajinga. Masomo ya kompyuta nayo karibu yote ni ya Kiingereza. Mtoto wa kike ana mzigo wa pili, anaambiwa kompyuta ni mambo ya wavulana. Na sisi huku tunafanya hivyohivyo: binti akifaulu hesabu tunamwambia awe nesi kama shangazi yake. Unesi ni kazi ya heshima, nami naipenda, lakini usiwe mlango pekee.

Waafrika wenyewe hawajakaa kimya. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017 na ikafika Nairobi 2019. Kundi la Masakhane linashughulikia lugha zetu. Mwaka 2023 mkutano mkubwa wa kimataifa wa ICLR ulifanyika Kigali, wakati miaka ya nyuma watafiti wetu walinyimwa viza kwenda mikutano kama huo Canada.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, tuache kutuma kompyuta kuukuu peke yake. Shule moja nyumbani, sitaitaja, zimefunikwa vitambaa kwa kukosa mwalimu na umeme. Tuchangie posho ya mwalimu, umeme na bando. Pili, wale wenzetu mliosomea kompyuta, andaeni masomo kwa Kiswahili, na nusu ya nafasi ziwe za wasichana. Tatu, kila mmoja achangie sauti yake kwenye mradi wa Common Voice. Unasoma sentensi za Kiswahili kwa simu, bure, na lafudhi yako ya Unguja, Mombasa au Bukavu inaingia kwenye mifano ambayo mashine inajifunzia.

Harusi tunachangishana mamilioni kwa wiki mbili. Mwalimu mmoja wa kompyuta hatushindwi.