Nani Aliyesema Mpwani ni Mvivu?



Vijana wa Msambweni, wa Ukunda na Diani, wa Gazi, wa Vanga, na nyinyi mnaosoma kwa simu mkiwa mbali na nyumbani. Haya ni mazungumzo yangu na vijana, nimeyaandika karibu na vile yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa vikohozi tu.

Nianze na neno mnalolijua tangu darasa la kwanza: mvivu. Mpwani mvivu. Mpwani amelala chini ya mnazi, mdomo wazi, anangoja nazi ianguke. Umelisikia kwa mwalimu, umelisikia kwa mchekeshaji kwenye runinga, na linaloniuma zaidi ni kwamba umelisikia kwa Mdigo mwenzako akijicheka mwenyewe. Wengine mnalituma kwenye grupu la WhatsApp na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Sikuja hapa kulia ati tunaonewa. Nataka tuulize kama anavyouliza mpelelezi: maneno haya yalitoka kwa nani, na aliyeyasema alikuwa anatafuta nini?

Turudi mwaka 1907. Zanzibar utumwa ulikuwa umeondolewa kisheria miaka kumi kabla, 1897. Huku kwetu, pwani ya Kenya, Waingereza wakauondoa 1907. Sasa mtu aliyeachwa huru afanye nini? Alifanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Alitafuta kipande cha ardhi, akapanda muhogo na mahindi, akavua, akauza nazi. Kurudi shambani kwa bwana wa zamani kwa masharti ya bwana, hakutaka. Na miaka hiyohiyo wazungu walikuwa wanafungua mashamba makubwa, wanataka vibarua wengi, wa bei ya chini, wa kila siku. Mdigo ana mnazi wake, ana jarife lake, ana muhogo wake nyuma ya nyumba. Akienda kibarua, anakwenda siku chache apate pesa ya kodi, kisha anarudi kwake. Kwa nini akae?

Basi hapo ndipo kalamu ya afisa inapoingia. Afisa hakuandika, "Watu hawa wana njia nyingine ya kuishi na mshahara wetu ni mdogo." Aliandika kwamba watu wa pwani ni wavivu. Mwanahistoria Mmarekani anaitwa Frederick Cooper alizipekua karatasi hizo za serikali na 1980 akatoa kitabu, From Slaves to Squatters, kinachoeleza jinsi vita vya kazi na ardhi vilivyokwenda pwani yetu baada ya utumwa. Kijana anayesoma Kiingereza akitafute. Utaona kwamba mvivu, kwa lugha ya ofisi ile, ni mtu aliyekataa kuuza jasho lake kwa bei aliyopangiwa.

Na wala si sisi peke yetu. Kuna msomi Muislamu wa Malaysia, Syed Hussein Alatas, ukoo wenye asili ya Hadhramaut kama koo nyingi mnazozijua hapa Mombasa na Lamu. Mwaka 1977 aliandika kitabu kuhusu Wamalay, Wajava na Wafilipino. Nao waliitwa wavivu na wakoloni wao, kwa karne kadhaa, na sababu ilikuwa ileile: hawakupenda kuchapwa kazi kwenye mashamba ya mgeni. Huko hawakuwa na mnazi wa Diani wala upepo wa kusi. Yaani bahari nyingine kabisa, na tusi ni lile moja. Nikiona tusi moja limevaliwa na watu wasiojuana, mimi huacha kumwangalia aliyetukanwa, namwangalia anayetukana.

Mwaka mmoja baada ya 1907, yaani 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye dai alitakiwa alilete, alithibitishe. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia ile ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Mijikenda walikuwa na ardhi ya ukoo, ya kaya, isiyo na karatasi wala mwenye jina moja. Mnaona kilichotokea. Hadi leo Kwale kuna watu wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu wa babu zao. Kwanza unamnyang'anya mtu shamba, halafu unamuuliza mbona halimi.

Nenda Gazi alfajiri uone wavuvi wanarudi saa ngapi. Nenda uwaone kina mama wa Gazi wakiwa na tope hadi magotini wakipanda mikoko. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza kaboni mwaka 2013, hekta 117 za mikoko zinalindwa na kijiji, na dunia nzima inakuja kujifunza kwao manake ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Sijawahi kumsikia mchekeshaji akiutaja.

Gazi hiyohiyo, tusiondoke kwanza. Mwaka 2024 sherehe za Mashujaa, Oktoba 20, zilifanyiwa Kwale. Bendera, gwaride, ndege angani. Sasa niulize: nani kati yenu anaweza kunitajia shujaa mmoja wa Kwale? Nilipouliza, ukumbi ulinyamaza. Kisha mmoja akasema Mekatilili. Mekatilili wa Menza ni wa Wagiriama, kule Kilifi, na vita vyao vilikuwa 1914. Tunamheshimu, lakini niliuliza Kwale.

Basi sikilizeni. Mwaka 1895 Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala huku iliingilia ugomvi wa nani arithi uongozi wa Takaungu. Ikamchagua wake. Waliokataa wakapigana, wakakimbilia kusini, na mzee wa Gazi, Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, akaingia vitani. Mzee huyu alikuwa amekwisha kumuasi Sultani wa Zanzibar mara kadhaa kabla ya hapo, kwa hivyo vita si vigeni kwake. Ngome yake ilikuwa Mwele, huku bara yetu ya Kwale. Agosti 1895 Admirali Rawson akashuka na mabaharia wake akaishambulia Mwele. Vita havikuisha. Waingereza wakalazimika kuleta wanajeshi kutoka Bara Hindi mwaka 1896 ndipo Mbaruk akavuka mpaka kwa Wajerumani. Alifia uhamishoni Tanganyika, 1910.

Wanajeshi wa Kiingereza waliopigana walipewa nishani, na pembeni mwake pamechongwa neno Mwele. Nishani hizo huuzwa kwenye minada Uingereza mpaka leo. Mzee wa Kiingereza anayekusanya nishani analijua jina la Mwele, na mwanafunzi wa kidato cha nne Msambweni halijui. Historia ya kupigana na mkoloni imeanzia 1952 kwenye vichwa vyetu, imepanda mlimani, na huku pwani tumebakiziwa Vasco da Gama na nguzo yake.

Lakini ngojeni, msinipigie makofi bado. Manake kuna kijana alisimama akasema, "Kumbe Mbaruk ndiye shujaa wetu, tuchapishe fulana!" Nikamwambia polepole, ndugu yangu. Mbaruk alikuwa na watumwa. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na baadhi ya wajukuu wao wako kwenye ukumbi huu. Kama tunakasirika kwamba kitabu cha shule kimetuficha, hatuwezi kuandika chetu tukawaficha wao. Alipigana na Waingereza, kweli. Alimiliki watu, kweli. Fulana ina nafasi ndogo ya kuandika yote mawili, nadhani ndiyo shida ya fulana.

Na kinyume chake pia kipo. Ukienda Shimoni utaonyeshwa pango, utaambiwa stori ya minyororo. Utumwa ulikuwepo, hilo halina mjadala. Ila pango lenyewe ni la mawe ya matumbawe, na wenyeji wana maneno mengine juu yake: mahali pa kujificha wakati wa uvamizi, mahali pa kuomba. Stori inayompendeza mtalii ndiyo iliyopewa kipaza sauti, zile nyingine zimebaki na wazee. Na katika stori ya mtalii anayefunga mnyororo huwa ni Mwarabu tu, Muislamu tu. Mashamba ya Wafaransa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi yaliyokuwa yakinunua watu kutoka pwani hii hayatajwi.

Sasa nafika pale pagumu. Sisi tunawaitaje wenzetu? Mbara. Mbara mwizi, mbara mchafu, mbara hana adabu, mbara amekuja kutumaliza. Mnacheka. Mwaka 1997, usiku wa Agosti 13, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi Likoni, likaua polisi, likachukua bunduki. Vijana wale walikuwa wamelishwa kiapo na kufunzwa misituni huku Kwale. Karatasi zilikuwa zimesambazwa kuwaambia watu wa bara waondoke. Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, watu waliokuwa majirani, wakachomewa nyumba. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na kama 100,000 wakakimbia makwao. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Wanasiasa walijua wanachofanya, walitaka kura fulani zihame. Lakini mwanasiasa hawezi kuwasha moto pasipo na kuni. Kuni zilikuwa maneno yetu ya barazani, na dhulma ya kweli ya ardhi na kazi, vikachanganywa pamoja.

Na aliyelipa ni nani? Aliyechomewa kibanda Likoni alilipa. Kisha vikosi vya serikali vikaingia vijiji vya Kwale, Wadigo wakakamatwa, wakapigwa, wakateswa, wenye hatia na wasio na hatia, kwa sababu sasa kila Mdigo alikuwa mtu wa kiapo. Hoteli za Diani zikakauka, vijana wakarudishwa nyumbani. Yule aliyepanga hakuhama nyumba hata moja. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Ndiyo maana nawaambia, manake nasikia maneno yaleyale yakirudi TikTok na muziki chini yake.

Mwenye kuitwa gaidi kwa sababu ya kanzu yake, mwenye kuulizwa cheti cha babu kila akienda kuchukua kitambulisho, angepaswa kuwa wa mwisho kumbandika mwenzake jina. Suratul Hujurat mnaisoma. Aya ya 6 inataka habari ichunguzwe kabla ya kufuatwa, ya 11 inakataza kaumu kuidharau kaumu. Sijaona palipoandikwa isipokuwa wabara.

Tena mnawajua Wamakonde wa hapa Msambweni. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, kazi ambayo wengine tuliikataa. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, bila vitambulisho, bila laini ya simu ya jina lao. Na sisi tukiwaita wageni. Oktoba 2016 wakatoka Kwale wakaelekea Nairobi, wengine kwa miguu, mpaka Ikulu. Walipata vitambulisho na wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu wakatambuliwa 2023.

Mambo ya mpaka yananichekesha. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda juu. Wadigo wakakatwa katikati. Leo Mdigo wa Tanga, Wakenya wanamwambia: Mtanzania mpole, mstaarabu, Kiswahili kitamu. Binamu yake wa Lunga Lunga, damu moja, lugha moja, wanamwambia: mpwani mvivu. Na Mtanzania naye akimwona huyu wa Lunga Lunga anamwambia: Mkenya, mkali, mpenda pesa. Mtu huyohuyo! Asubuhi mvivu, jioni mpenda pesa, inategemea amesimama upande gani wa Horohoro.

Kazi ninayowapa ni ndogo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Aliyekuwa na miaka 30 siku ile, sasa anakaribia 70. Wako hapa Msambweni, wako Ramisi, wako Kikoneni, na kila mwezi tunazika mmoja. Nenda kwa mmoja kabla ya kikao kijacho. Umsalimie vizuri, shikamoo na chai, usiende na haraka zako. Umwombe ruhusa, uwashe kinasa sauti cha simu, umuulize: uliingia kazini saa ngapi, ulilipwa ngapi, shamba lenu lilikuwa wapi kabla ya miwa, nani aliishi jirani yenu na alitoka wapi. Usimkatize. Akitaja kabila kwa ubaya, acha ibaki, usifute, tutaizungumza. Faili mlete mkiwa mmeandika jina la kijiji na tarehe.

Anayekosa simu aniambie, tutagawana. Wassalaamu alaykum.