Kuni na Mabaki ya Shamba: Tuhesabu Kinachobaki



Nimeombwa nieleze kwa nini mtu anaweza kuja na mzani mpaka jikoni kwako, apime kuni zako, kisha aondoke bila kukutoza kitu. Jibu liko katika Sheria ya Nishati ya 2019. Kifungu cha 5 kinaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa Waziri. Wengi wakisikia nishati hufikiria nguzo za stima. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55 ya nyumba za Kenya hupika kwa kuni, na karibu asilimia 12 kwa makaa. Mpango usiojua kuni hizo zinatoka wapi haujafika jikoni kwa mwananchi.

Wataalamu huviita vitu hivi bayomasi. Sisi hapa Kilifi tunavijua kwa majina yake: kuni, makaa, makumbi na vifuu vya nazi, maganda ya korosho, magunzi, samadi, makapi ya mkonge. Kwa macho ni mali nyingi. Nazi iliyokomaa, karibu thuluthi ya uzito wake ni makumbi. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu. Yanayobaki ni maji na makapi yanayoweza kutoa gesi. Ukizidisha tarakimu hizo kwa mavuno ya kaunti nzima unapata mlima wa mafuta ya bure, na hapo ndipo makosa huanzia.

Chukueni mama wa Ganze aliyevuna magunia 10 ya mahindi ya kilo 90. Hizo ni kilo 900 za punje. Mabua yanaweza kufikia uzito huohuo au kuuzidi, na magunzi ni kama moja ya tano, yaani kilo 180 hivi. Kwenye karatasi ana zaidi ya tani moja ya mabaki. Sasa nenda kamuulize. Mabua yameliwa na ng'ombe na mbuzi, mengine ameyaacha shambani yafunike udongo. Magunzi anawashia moto. Kilichobaki kwa ajili ya kiwanda ni sifuri.

Hesabu ikimruka mama huyu, mwekezaji wa briketi ataambiwa malighafi ipo. Atajenga, ataanza kununua, na vifuu alivyokuwa mama akiokota bure vitapata bei. Naye atarudi msituni. Ndiyo maana swali la "unatumia nini, kiasi gani?" ni zito kuliko la "una nini?"

Najua wengine hupunguza majibu wakiulizwa kuhusu makaa, wakihofia askari wa misitu. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Lakini tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makaa, kwa hivyo kila gunia lililofichwa lina rundo la miti nyuma yake, na mpango utadhani msitu umepumzika.

Upimaji wenyewe ni rahisi: kuni hupimwa leo, zikapimwa tena kesho baada ya kupika. Zipimwe zikiwa kavu, maana kuni mbichi huweza kuwa nusu maji. Mvinje uliopandwa shambani unahesabiwa. Maganda ya korosho pia, ila yana mafuta yanayochoma ngozi, hayafai jiko la nyumbani. Mikoko ya Mida na misitu ya Kaya, ambayo kadhaa imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, isiingizwe kabisa. Kuihesabu ni sawa na kuhesabu nguzo za nyumba kuwa kuni.

Rasimu ikiletwa kwenye kikao cha maoni ya umma, tafuteni safu moja tu: baada ya kutoa matumizi ya nyumbani, ya mifugo na ya shamba, wadi yenu imebakiwa na nini? Safu hiyo ikikosekana, semeni, na karani wa kikao aandike.

Sasa nawaachia nafasi ya maswali.