Mfanyabiashara Mdogo Amwone Wakili Lini?

(Mazungumzo ya Kamati ya Biashara mbele ya wanachama na wageni, siku ya mkutano wa mwaka na harambee)



Tumepewa dakika chache kabla harambee haijaanza. Kila mwaka kamati yetu huzungumzia mitaji na masoko. Mwaka huu tumeomba kuzungumzia jambo lililotuuma sisi wenyewe. Karibu nusu yetu humu ukumbini tunaishi kwa biashara ndogo. Tuna wanaoshusha kabichi na karoti soko la Ilala, wenye maduka ya vipuri, mafundi cherehani, na mama zetu wa vyakula. Tukipigwa na biashara, ahadi ya harambee nayo inapigwa. Kwa hiyo hili si jambo la mtu binafsi tu.

Tuanze na yetu. Miaka kadhaa iliyopita, watatu kati yetu tulichanga mtaji na kutafuta fremu Kariakoo. Dalali akatupeleka kwa bwana mmoja mpole, mwenye funguo mkononi. Mkataba ulikuwa nusu ukurasa, ameuandika dalali mwenyewe. Tulilipa kodi ya mwaka mzima, tukaongeza na kilemba, jumla shilingi milioni 9. Mwenzetu mmoja alisema, "Jamani, twende kwa wakili kwanza." Tukauliza bei, tukaambiwa laki mbili. Tukacheka. Laki mbili kwa kusomewa karatasi!

Mwezi wa nne tulikuta kufuli jipya mlangoni. Yule bwana mpole alikuwa mpangaji kama sisi, na hakuwa na ruhusa ya kupangisha. Mwenye nyumba hakutujua. Sasa tukakimbilia kwa wakili, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Hati ya nyumba ina jina la nani?" Hakuna aliyejua. La pili, "Risiti ya kilemba iko wapi?" Haikuwepo. Baada ya mwaka na miezi ya kuhangaika tulirudishiwa sehemu ya kodi kwa mafungu. Kilemba kilipotea moja kwa moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulilijua neno hilo tangu shule ya msingi, na bado tukapotea.

Tangu hapo tumejiwekea nyakati tano ambazo hatuendi mbele bila kumwona wakili.

Ya kwanza ni kabla ya kusaini jambo linalokula mtaji mkubwa au muda mrefu: fremu, kiwanja, gari, mkataba wa kupeleka bidhaa kwa mwaka. Tunasema kabla, si baada. Wakili atafanya upekuzi ofisi ya ardhi kama eneo lina hati. Kama halina, atakwambia uulize nini serikali ya mtaa na kwa majirani. Ni kweli Sheria yetu ya Mikataba inatambua hata mapatano ya mdomo, na ndiyo maana mali kauli inaendesha masoko yetu. Lakini siku mwenzako akikana, mahakama itauliza ushahidi. Kwa deni la mkataba sheria inakupa miaka 6 ya kudai. Ukilala ukapitiliza, haki yako imelala nawe.

Ya pili ni mnapoungana. Ndugu wawili wakishirikiana kibiashara bila kuunda kampuni, kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote, si nusu yake. Na wengi tunadhani tukisajili jina la biashara BRELA tumeshajikinga. Sivyo. Jina la biashara ni jina tu, na deni la duka ni deni lako, mpaka kitanda chako. Kampuni ndiyo inayosimama kama mtu wa pembeni kisheria. Muulize wakili ipi inakufaa, kisha mwandikiane nani kaweka nini, faida inagawanywaje, na mmoja akifa au akitaka kutoka inakuwaje. Watu wa kwetu tunaona haya kuandikiana na ndugu. Tumeona undugu ukivunjika kwa kuogopa haya hizo.

Ya tatu ni mkopo wenye dhamana, na hasa unapoombwa kumdhamini mtu. Mdhamini hakai benchi kusubiri. Kisheria, mdaiwa akishindwa, deni linakuhusu kama linavyomhusu yeye. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako, na mkopeshaji anayetaka kuuza nyumba iliyowekwa rehani anatakiwa kwanza akupe notisi ya siku 60. Siku hizo 60 ndizo za kutafuta wakili na kujadiliana, si za kuzima simu. Tena tukumbuke: wakili anayegonga mhuri kwenye karatasi za mkopo pale pale kwa mkopeshaji hakuajiriwa na wewe. Ameshuhudia sahihi yako tu. Hajakushauri. Na hii mikopo ya kausha damu inayosainiwa kibarazani, ukiacha kadi ya benki na nywila, hiyo ikimbie hata kabla hujafika kwa wakili.

Ya nne ni kuajiri na kuachisha kazi. Kijana uliyemleta kutoka nyumbani kukusaidia dukani ni mwajiriwa hata kama mnakula sahani moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe na sababu halali na ufuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha, na anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Wapo wenzetu waliosema "kesho usije," wakaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakalipa fidia kubwa kuliko kile alichodaiwa kuiba. Huenda aliiba kweli, lakini utaratibu haukufuatwa.

Ya tano ni karatasi yenye siku. Hii ndiyo inayoua wengi. Ukipata makadirio ya TRA usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi. Ukipelekewa hati ya madai kutoka Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako. Ukiiweka chini ya godoro, kesi haifi. Hukumu itatolewa upande mmoja, nawe utaisikia siku dalali wa mahakama anapobisha hodi. Andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, na siku hiyo hiyo tafuta mtu wa kukuelekeza.

Je, kila kitu kinataka wakili? Hapana. TIN, leseni ya biashara, kusajili jina BRELA kwa mtandao, kudai deni dogo la mteja unayemfahamu, hayo unaweza mwenyewe ukiwa na subira na daftari. Tusitupe hela.

Na hela yenyewe ikoje? Ulizeni bei kabla, muiandike, mpewe risiti. Peleka karatasi zako zote zimepangwa, na ukurasa mmoja wenye mfululizo wa tarehe, kwa maana wakili anauza muda wake. Kumi mkiwa na shida inayofanana, nendeni pamoja awaandalie mkataba mmoja wa kupangisha au wa kuuziana bidhaa ambao kila mmoja atautumia. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na yapo mashirika yanayosaidia bila malipo. Jihadharini na vishoka wanaokaa nje ya mahakama na mikoba. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni ambapo unaandika jina na kuona kama huyo ni wakili kweli na ana leseni hai. Na lugha isiwatishe. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Una haki ya kuelewa unachosaini.

Ndugu zetu, tumalizie na la nyumbani. Harambee ya leo ni ya wodi ya wazazi. Kiwanja chake tulipewa na mzee wetu mmoja, kwa mdomo, mbele ya wazee wenzake. Alipofariki, Mungu amrehemu, tulishaanza kusomba mawe. Vijana wake wakauliza, kwa haki kabisa, "Imeandikwa wapi?" Tulisimamisha kazi. Safari hii hatukucheka bei ya wakili. Tulikaa na familia, tukaenda Halmashauri ya Kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ukakaa, muhtasari ukaandikwa, na familia ikasaini kwa moyo mweupe kuwa alichotoa baba yao kimebaki kimetolewa. Tunawashukuru vijana hao, nao wapo nasi hapa leo. Wangeweza kukataa, na tusingekuwa na la kujibu.

Kwa hiyo mtakaponyanyua kadi zenu za ahadi, jueni kwamba jengo hili linasimama juu ya karatasi iliyosainiwa. Nakala ipo kwa Katibu, mwenye kutaka kuisoma aisome. Na vijana wetu wawili waliosomea sheria wamekubali kukaa meza ya pale mlangoni mpaka jioni. Mwenye mkataba mfukoni asiondoke nao bila kuuonyesha.

Sasa, Mwenyekiti, tufungue harambee.